Pini ya Gurudumu: Jinsi ya Kuichagua na Kuitia Katika Gari la Ng'ombe

Gari la ng'ombe ni mali kubwa kwa mkulima. Usukumani huchukua marobota ya pamba kutoka shambani mpaka mahali pa kununuliwa. Mbozi huchukua mahindi na samadi. Machakos huchukua maji na mchanga. Na kila mahali huchukua kuni, matofali na wagonjwa. Mwenye gari huchagua ng'ombe wake kwa uangalifu, huitengeneza nira isije ikawachubua shingo, na huyatazama matairi kama yana pumzi ya kutosha. Lakini kitu kiyazuiacho magurudumu yasichomoke ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole, na watu wengi hawakitazami hata mara moja mpaka gurudumu lilale njiani na mzigo umwagike.

Kipande hicho mafundi hukiita spliti pini. Bei yake ni sarafu chache tu. Gharama ya kukikosa ni mhimili ulioburura chini, beringi zilizojaa mchanga, nyuzi zilizovunjika, na pengine ng'ombe aliyevunjika mguu, au mtu aliyekuwa akitembea kando ya gari. Kwa hiyo imefaa tueleze kazi yake hasa, maana hata wale waitiao pini kila mwaka, wengi wao huitia vibaya kwa sababu hawajui ipo kwa ajili gani.

Kabla ya kuendelea, na tulitenge jina moja lisilete machafuko. Mafundi wa baiskeli huita kota pini kile kijiti cha chuma kilichochongwa mshazari upande mmoja, chenye nati ndogo, kiishikacho kombo ya pedali. Hicho ni kabari, nacho hubeba nguvu yote ya mguu wa mpandaji. Spliti pini ni kitu kingine kabisa, ingawa Wamarekani huiita nayo kota. Ukienda dukani kununua, afadhali uchukue ile ya zamani mkononi uionyeshe.

Vitu vilivyomo ndani ya kitovu

Magari mengi ya siku hizi yana mhimili wa chuma uliotoka katika motokaa iliyochakaa, au uliotengenezwa na fundi kwa mfano huo, na magurudumu ya mpira. Ondoa kile kifuniko kidogo cha grisi kilicho katikati ya gurudumu, nawe utaona vitu hivi kwa taratibu yake. Mbele kabisa ni ncha ya mhimili, yenye nyuzi za skrubu na tundu lililopenya toka upande huu hata upande wa pili. Juu ya nyuzi hizo imo nati yenye mapengo sita, mfano wa taji. Nyuma ya nati ipo washa nene, na ukiitazama vema utaona ina ulimi mdogo uingiao katika mfereji uliochimbwa kwenye mhimili. Nyuma ya washa ipo beringi ya nje, na ndani zaidi, upande wa gari, ipo beringi ya pili iliyo kubwa kuliko hiyo. Spliti pini hupita katika pengo moja la nati, hupenya tundu la mhimili, na hutokea katika pengo lililoelekea.

Basi kazi yake ni nini? Watu wengi hudhani kwamba pini ndiyo ikazayo nati. Sivyo. Pini haiongezi kukaza hata kidogo. Mlango hufungwa na mwenye nyumba. Komeo huuzuia tu usifunguke baada ya kufungwa. Ukilitia komeo mlango ukiwa wazi, utabaki wazi; na ukiitia pini juu ya nati iliyolegea, italinda ulegevu ule ule mpaka gurudumu liharibike. Tena komeo si ukuta. Pini haikuwekwa ipokee mzigo wa gari, wala msukumo wa gurudumu. Ikiwa imepokea nguvu kubwa, kuna kitu kingine kilichoacha kazi yake, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Kwa nini gurudumu la kushoto ndilo litokalo

Jambo hili ni la kufahamika vema, nasi tutalieleza polepole, maana ndani yake mna sababu ya ajali nyingi ambazo watu husema ni bahati mbaya.

Simama upande wa kushoto wa gari, umelielekea, na ng'ombe waende mbele. Utaona gurudumu linazunguka kinyume cha mishale ya saa. Sasa zunguka usimame upande wa kulia: gurudumu la huko linakwenda pamoja na mishale ya saa. Nati zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa desturi zina nyuzi za namna moja, yaani hukazwa kwa kuzungushwa pamoja na mishale ya saa na hulegezwa kwa kuzungushwa kinyume chake. Gurudumu linapozunguka huvuta beringi, na beringi hutaka kuvuta kila kilichoigusa. Kama nati ingaliigusa beringi yenyewe, upande wa kushoto ingalivutwa kulegea kila hatua ya ng'ombe, na upande wa kulia ingalivutwa kukaza.

Ndiyo sababu ya ile washa yenye ulimi. Ulimi wake umeshikwa na mfereji wa mhimili, kwa hiyo washa haiwezi kuzunguka; nayo hukaa katikati, ikapokea mvuto wa beringi isiufikishe kwa nati. Washa hiyo ikiwa nzima, nati hukaa kimya na pini haina kazi nzito.

Lakini tuseme ulimi umekatika, au fundi wa njiani ameipoteza washa ile na kutia nyingine ya mviringo mtupu iliyookotwa katika kopo la vyuma. Hapo mvuto wote wa gurudumu hufika kwenye nati, na kutoka kwenye nati hufika kwenye pini. Upande wa kushoto nati husukuma pini ikilegea. Kila shimo la barabara huipiga, na baada ya siku au miezi pini hukatika. Nati hutoka nje kidogo kidogo, kisha gurudumu lafuata. Upande wa kulia mambo huwa kinyume: pini ikikatika, nati hujikaza yenyewe juu ya beringi, grisi huyeyuka, beringi huungua na kushikamana. Mwenye gari huona gurudumu moja limetoka na jingine limeungua, akadhani gari lake limerogwa, kumbe ni kosa moja lenye sura mbili.

Kwa hiyo usinunue pini mpya kabla hujaitazama washa. Ukiukuta ulimi wake umelika au haupo, tafuta washa nyingine ya namna hiyo. Fundi mwenye tupa na bamba la chuma aweza kuichonga kwa saa moja. Ni kazi ndogo, nayo ni muhimu kuliko pini yenyewe.

Kuchagua pini

Spliti pini njema imetengenezwa kwa waya laini wa chuma ambao umbo lake ni nusu mviringo, uliokunjwa katikati ukawa na miguu miwili. Miguu ikilaliana hufanya mviringo kamili, na mahali pa kukunja pamebaki pete ndogo iliyo kichwa chake. Mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Wako watu ambao huudhani urefu huo ni dosari ya kiwanda, nao huukata. Usiukate. Umeachwa makusudi ili koleo ipate mahali pa kushika miguu itakapotanuliwa.

Chuma chake ni laini kwa sababu kimewekwa kipate kukunjwa kisivunjike, na hii ndiyo tofauti yake kubwa na msumari. Msumari ni mgumu; ukiukunja kwa nguvu hupata ufa usioonekana, na ukiukunjua huvunjika. Tena ni nadra msumari kulingana na tundu. Ukiwa mwembamba hucheza, na kwa kucheza hula tundu la mhimili likawa refu kama yai; na pini hurekebishwa kwa sarafu chache, lakini mhimili haurekebishwi hivyo. Waya wa kufungia nondo nao una kosa jingine: ni laini kupita kiasi na ni mwembamba, hata ukiusokota mara tatu haulijazi tundu, na nati huendelea kutikisika mbele na nyuma mpaka waya uchoke. Shaba ya manjano haishiki kutu kama chuma, lakini si ya gurudumu, maana ni dhaifu. Wakaao pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma upesi, wachague pini iliyopakwa zinki, na waitazame mara nyingi zaidi.

Unene wa pini huhesabiwa kwa tundu lake, si kwa pini yenyewe. Pini iitwayo ya milimita 4 maana yake ni pini ya tundu la milimita 4. Ukiipima yenyewe utaona haizidi milimita 3.7, na nafasi hiyo ndogo ndiyo iiwezeshayo kuingia. Basi usiende dukani na kipimo cha pini ya zamani iliyolika. Pima tundu. Asiye na kipimo cha fundi atumie biti za keekee: ile iingiayo kwa mkono bila kulazimishwa na bila kucheza, hiyo ndiyo namba ya tundu. Kwa desturi boliti yenye unene wa milimita 12 huwa na pini ya 3.2, ya milimita 16 na ya milimita 20 huwa na pini ya 4, ya milimita 24 huwa na pini ya 5, na ya milimita 30 huwa na pini ya 6.3. Mihimili iliyotoka katika motokaa za zamani haifuati hesabu hiyo sikuzote, kwa hiyo pima, usikisie.

Urefu hupimwa kutoka chini ya kichwa mpaka mwisho wa ule mguu mfupi. Pini ikiisha kupenya nati, mguu mfupi utokeze nje kiasi cha milimita 6 mpaka 8. Kwa nati ya boliti ya milimita 20, pini yenye urefu wa milimita 36 yatosha. Kwa ile ya milimita 24, milimita 40. Iliyo fupi haikunjiki vema. Iliyo ndefu mno haina hasara, kwani huweza kukatwa.

Kuitia mahali pake

Wafungue ng'ombe kwanza. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lisilotengenezwa, inua upande wa pili kwa jeki, kisha weka gogo imara chini ya mhimili. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake.

Nyosha miguu ya pini ya zamani kwa koleo, uishike kichwa, uivute. Ikiwa imeshikwa na kutu, tia tone la mafuta ungoje, kisha igonge kwa kijiti cha chuma kutoka upande wa miguu. Ikiisha kutoka, itupe. Pini iliyokwisha kukunjwa na kunyoshwa isitiwe tena katika gurudumu, hata ikionekana nzima. Mahali pa mkunjo pamekwisha kudhoofika. Tunajua mkulima hapendi kutupa chuma, na kwa habari ya mambo mengine tungemsifu.

Safisha, tia grisi safi katika beringi, rudisha washa, hakikisha ulimi wake umeingia katika mfereji, kisha uifunge nati kwa vidole. Sasa huku mkono mmoja unalizungusha gurudumu, mkono wa pili uikaze nati kwa spana mpaka gurudumu lianze kuwa zito. Sababu ya kulizungusha ni kwamba vyuma vidogo vilivyomo ndani ya beringi hukaa mshazari vinapotiwa, navyo havijipangi ila kwa kuviringika. Anayekaza gurudumu likiwa limesimama hudhani amemaliza, na baada ya mwendo mfupi vyuma vile hujipanga vyenyewe na ulegevu hutokea.

Gurudumu likiisha kuwa zito, ilegeze nati mpaka lizunguke bila kizuizi, kisha uikaze tena kwa nguvu ya vidole tu, pasipo spana. Tazama tundu la mhimili. Likionekana katika pengo, vema. Lisipoonekana, ilegeze nati mpaka pengo la kwanza lilingane na tundu. Hapa usikaze: legeza. Nati ina mapengo sita, kwa hiyo hutahitaji kuizungusha zaidi ya sehemu moja ya sita ya mzunguko; na ikiwa nyuzi zake hupanda milimita moja na nusu kwa kila mzunguko, sehemu hiyo ni robo ya milimita tu. Mafundi wengine hutoboa mhimili matundu mawili yaliyopishana kama msalaba, na hapo hatua huwa nusu ya hiyo. Ukipata mhimili wa namna hii una bahati. Mwisho, lishike gurudumu juu na chini, ulitikise. Ulegevu uwe mdogo sana, wa kuhisiwa tu na mkono. Ukionekana kwa macho ni mwingi mno.

Twaomba msomaji aisimamie sana shauri hii ya kulegeza, kwa maana katika vyombo vingine vingi kanuni ni kinyume chake. Katika usukani wa trekta, mathalan, mna nati zenye mapengo zishikazo vichwa vya tairodi. Huko hakuna beringi ya kuogopewa. Nati imewekwa ili ivute chuma kiingie katika kitundu chake kwa nguvu na kikae humo. Pengo lisipolingana na tundu, sharti uikaze mbele mpaka lilingane, wala usiirudishe nyuma hata kidogo. Fundi aliyezoea magurudumu akifanya usukani kwa mazoea yake, huuacha ukiwa na ulegevu. Na aliyezoea usukani akifanya gurudumu, huiunguza beringi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha pengo jiulize: nati hii imewekwa ibane, au imewekwa iache nafasi? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia uizungushe upande gani.

Tundu likiisha kulingana, ingiza pini. Ikiwa tundu limesimama wima, kichwa cha pini kiwe juu, ili kama miguu itakatika siku moja pini isidondoke mara moja kwa uzito wake. Mguu mrefu uwe upande wa nje, kuelekea ncha ya mhimili. Igonge kichwani kwa nyundo nyepesi mpaka kichwa kilale ndani ya pengo la nati. Kichwa kilichobaki juu ya nati hutikisika, na kitikisikacho hukatika.

Kisha shika mguu mrefu kwa koleo, uukunje taratibu upande juu ya ncha ya mhimili, na uukate usivuke upande wa pili. Mguu mfupi ukunje kuelekea nyuma, ulale juu ya ubavu wa nati, nao uukate kabla haujaigusa washa. Mkunjo uwe wa mviringo kidogo, si wa kona kali. Ikiwa kifuniko cha grisi kiko karibu sana na ncha ya mhimili na chaweza kusugua mguu ule, ikunje miguu yote miwili kandokando, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikiikumbatia nati. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni kutanua miguu kidogo tu kama mkia wa samaki na kuiacha hivyo. Pini ya namna hiyo yaweza kurudi ilikotoka.

Okota vipande ulivyovikata. Kipande kimoja kikianguka katika grisi kitaingia ndani ya beringi.

Jaribu gari kwa mwendo kama wa nusu saa, kisha weka kiganja juu ya kitovu cha kila gurudumu. Uvuguvugu si neno. Kitovu usichoweza kuvumilia kukishika kimekazwa mno, nacho sharti kifunguliwe siku hiyo hiyo.

Magari yasiyo na beringi

Yako bado magari ambayo gurudumu lake huzunguka juu ya mhimili mtupu, au ndani ya kipande cha bomba, na hayana nati yo yote. Huko pini yenyewe ndiyo kizuizi pekee, na sharti iwe nene zaidi. Kosa lionekanalo sana ni kuiacha kitovu kiiguse pini. Kitovu huzunguka na pini imesimama, basi kila mzunguko ni mfano wa msumeno. Tia washa mbili nene kati ya kitovu na pini, uzipake grisi. Zitalika zenyewe badala ya pini, na kuzibadilisha ni rahisi.

Vifungo vya kila siku

Spliti pini ni ya kifungo kifunguliwacho mara moja katika msimu. Mahali pafunguliwapo kila asubuhi na jioni, kama kiungo cha tela na trekta dogo la mkono, au mnyororo wa plau na nira, haifai, kwa sababu mwenye nayo ataikunja na kuikunjua mpaka ivunjike, kisha atatia kijiti. Mahali hapo tumia ile pini ya springi iliyopindwa mfano wa herufi R, au ile yenye pete ijifungayo kwa kupinduliwa, na uifunge kwa mnyororo mwembamba isipotee majanini. Angalia pia kwamba katika kiungo cha namna hiyo mzigo huvutwa na ile pini nene iliyopita katika matundu ya vyuma viwili. Pini ndogo huizuia tu isipande juu ikachomoka. Akosaye pini nene asitie nyembamba mahali pake kwa kutumaini kwamba njia ni fupi.

Kuikagua

Ondoa kifuniko cha grisi kabla ya msimu wa kuvuna, na tena katikati yake. Usitazame tu kama pini ipo. Tazama imekuwaje, kwa maana pini ni shahidi wa mambo yaliyopita ndani ya kitovu. Vumbi jekundu kando ya kichwa chake ni dalili kwamba inacheza ndani ya tundu, yaani ni nyembamba mno au tundu limepanuka. Alama zing'aazo miguuni ni dalili kwamba nati inatikisika. Na ukiichomoa ukaikuta imepata hatua kama ngazi, pale nati ilipokutana na mhimili, fahamu kwamba nati imekuwa ikiisukuma kwa nguvu, na ya kwanza ya kutazamwa ni washa yenye ulimi. Kubadilisha pini hiyo peke yake ni kungojea ya pili ikatike.

Tundu la mhimili likiisha kupanuka, usilijaze kwa pini mbili nyembamba. Mpe fundi atoboe tundu jipya upande mwingine, kwa msalaba na lile la kwanza. Wako mafundi watakaokushauri uichomelee nati katika mhimili ili uondokane na habari za pini. Ukataye shauri hilo. Moto huharibu nyuzi na huikausha grisi iliyo ndani, na tangu siku hiyo gurudumu halitafunguliwa tena bila kukatwa. Beringi zitakosa grisi mpya, na zitakufa mahali pasipoonekana.

Mwenye gari aweke pini nne za namba yake katika kopo dogo lenye grisi, pamoja na koleo, chini ya kiti. Pini ikikatika njiani na kopo limesahauliwa nyumbani, msumari waweza kutumika kwa dharura, mradi ulijaze tundu na ukunjwe ncha zote mbili. Shusha nusu ya mzigo, waendeshe ng'ombe polepole, na usimame mara kwa mara kuutazama. Ukifika, utoe msumari huo na utie pini mpya kabla ya kuwafunga ng'ombe tena.